Kiatu cha Kushoto

3 Februari

Shangazi yangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya wajukuu zako, wameniambia niiandike kabla sijasahau. Sote wazima. Mke wangu anakusalimu na anauliza lile gauni ulilomwahidi lilishonwa au lilikuwa la maneno tu. Hapa kwenye duka langu la kunyolea nimeweka kioo kipya kinachoonyesha mpaka kisogo, na wateja kadhaa wamegundua kwamba wana vipara. Ningekupigia simu, lakini sikio lako moja limeshastaafu na la pili linasikia linachotaka, kwa hiyo karatasi ni salama zaidi.

Habari yenyewe ni hii: nimefukuzwa kwenye chama chetu.

Miaka yote hii tumekuwa wagonjwa wenza, wewe huko na mimi huku, tunameza vidonge vya aina moja na kunyimana chai ya sukari kwa barua. Ulinikaribisha mwenyewe. Ulisema wengine wanarithi mashamba, ukoo wetu unarithi kisukari, na mimi nimepata fungu langu mapema kwa sababu ya ulafi. Nikakubali. Mtu uliyemwita Njiti tangu utotoni kwa wembamba, nikakubali kwamba ni mlafi.

Sasa kliniki kuna daktari mpya, binti wa kimya kimya. Aliangalia karatasi zangu, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi tena kama mtu aliyeletewa nguo isiyo yake. Akauliza kama vidonge vimewahi kunisaidia. Nikasema vimenisaidia kupungua, maana suruali zote ulizonishonea sasa nazishika kwa mkono nikitembea. Akatoa damu, ikapelekwa mbali, majibu yakarudi juzi. Sina kisukari chako, Shangazi. Nina kile cha aina ya kwanza, ambacho watu wanadhani ni cha watoto tu. Mwili wangu wenyewe umelishambulia kongosho langu mpaka halitoi tena insulini, na vidonge nilivyokuwa nameza vilikuwa vinampigia hodi mtu aliyehama. Ni sindano sasa, kila siku, kila mlo, maisha yote. Nisipochoma nakufa. Nikichoma bila kupima, naweza kufa pia, ila haraka zaidi.

Kliniki wamenipa mashine mpya ya kupimia na makopo ya vijiti vyake, kijiti kimoja kwa tone moja la damu. Nakutumia mashine yangu ya zamani na kopo moja la vijiti, maana zinatumia vya aina moja. Wewe unajipima kwa kuonja mate. Tafadhali tumia hii.

Wako,
Njiti


27 Februari

Kwako msaliti,

Marahaba, na marahaba ya wajukuu iwe kubwa kuliko yako. Mimi mzima, cherehani ni nzima, paa linavuja palepale. Nimepewa kazi ya sare za shule nzima, nakanyaga cherehani mpaka goti linalia. Gauni la mkeo lipo, limebaki kola. Pini zangu zenye vichwa vya bluu zinapungua na namshuku jirani, maana tangu nianze kuzikosa pazia lake limepata marinda.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nikadhani unajisifu. Yaani wewe kisukari cha wazee hakikutoshi, umeenda kutafuta cha kwako peke yako. Ukoo mzima umekula vidonge tukanyamaza, wewe unataka sindano kama mtu wa maana.

Lakini acha nikwambie bila utani. Kataa. Unamkumbuka yule muuza mkaa wa nyuma ya nyumba yangu? Alikuwa na sukari kama mimi, anatembea, anatukana watu vizuri. Wakamchoma hiyo insulini, hakumaliza wiki. Sindano ni kituo cha mwisho, baba. Ukishashuka hapo hakuna basi la kurudi. Hata mimi waliwahi kuniambia nianze, nikawaambia waanze wao.

Asante kwa mashine. Nimepima, tano na nusu. Jana pia tano na nusu. Unaona vidonge vinavyofanya kazi kwa mtu mwenye heshima?

Viatu vya siku hizi havifai. Nimenunua juzi tu na cha kushoto kimeshasinyaa, hakiingii.

Shangazi yako,
Fundi


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mdogo amepoteza jino, mkubwa amepoteza daftari, mama yao amepoteza subira. Kola moja inachukua muda gani?

Sindano sikuikataa. Daktari aliniambia ukweli kuhusu watu kama muuza mkaa wako. Insulini haikumuua, Shangazi. Walimpeleka hospitali amechelewa, wamembeba kwenye mkokoteni wake mwenyewe. Ni sawa na kulaumu zimamoto kwa sababu kila unapowaona nyumba inaungua. Mimi nimeshaongezeka. Suruali imeanza kukaa bila kushikwa.

Tatizo langu ni watu. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya pazia nichome kabla ya chakula. Mteja kwenye kiti akaniona kupitia kioo changu kipya kinachoonyesha mpaka kisogo. Akaondoka na shuka shingoni. Jioni mtaa mzima ulijua kinyozi anajidunga unga. Ikabidi niwaeleze, na kuwaonyesha mashine, na ndipo nilipokosea, maana sasa kila anayekaa anataka apimwe. "Nitazame na mimi, kinyozi, jana niliona kizunguzungu." Utamkataliaje mtu uliyemshika kichwa? Nawapima. Sindano ya kutobolea nabadilisha kwa kila mtu, usianze. Nimekuwa zahanati yenye poda.

Insulini yangu ya akiba inalala kwenye friji ya jirani anayeuza soda. Nimemwomba asiiweke kwenye barafu, maana ikiganda imeharibika. Inakaa pale katikati ya chupa za machungwa, wamepatana kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Ni daktari gani alikwambia uanze sindano, na lini? Uliipitisha hiyo haraka kama mtu anayepita na kuku wa watu chini ya kanga.

Na tano na nusu siku mbili mfululizo, hongera. Na hicho kiatu, kimesinyaa au mguu umevimba?

Njiti


22 Aprili

Njiti,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta ikisubiri nipate mtu wa kuichukua. Siku hizi sipendi kutembea, barabara imeharibika.

Wewe kazi yako ni kunyoa au kupima? Hivyo vijiti ulipewa vya kuwagawia wenye vizunguzungu? Mtu akiona kizunguzungu aende hospitali, au aache kuangalia vipara kwenye kioo chako. Vikiisha utajichomaje, kwa kuonja mate? Usinijibu kwa utani, nijibu.

Mguu wangu una adabu zake, tuuache. Sasa navaa kandambili ya marehemu mume wangu, ya kushoto tu. Kulia navaa kiatu. Watu wanacheka, lakini mimi nimezaliwa kabla ya mitindo.

Nimeendelea pia. Nimemwita fundi umeme akanifungia mota kwenye cherehani. Sikanyagi tena, nabonyeza kitufe kwa mguu wa kulia, inakwenda yenyewe kama bibi harusi mwenye haraka. Sare zimekamilika. Gauni la mkeo nimelifumua, kola ilikaa vibaya.

Sukari tano na nusu.

Shangazi


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Huku kwema. Watoto wazima, mama yao mzima, duka linaendelea. Mwalimu mkuu wa shule ya mtaani kwetu amehamia kwa kinyozi mwingine, ni uamuzi wake, hatugombani.

Je, umebakiwa na vijiti vyovyote kwenye lile kopo? Nauliza tu. Kliniki wameishiwa, wanasema hadi mwezi ujao. Kama huvitumii vyote, unaweza kurudisha kidogo.

Mimi mzima kabisa.

Njiti


2 Juni

Wewe,

Leo hakuna marahaba. Itakuja ukistahili.

"Huku kwema." "Uamuzi wake." Mkeo ameniandikia kurasa nne. Namshukuru, yeye angalau amelelewa. Kwa hiyo uliishiwa vijiti kwa kuwapima wapita njia, ukachoma kwa kubahatisha, ukaahirisha kula kwa sababu mwalimu mkuu ana mkutano na anataka kunyolewa haraka. Ukamnyoa upande mmoja. Halafu ukasimama na mashine ya kunyolea mkononi, jasho linakutoka, mikono inatetemeka, ukamwambia mtu mzima, msomi, mbele ya wateja, kwamba kichwa chake kimekaa kama boga lililokuzwa kwenye ndoo. Halafu ukaanguka.

Nilicheka hapo kwenye boga, sikatai. Nimewahi kumwona huyo mwalimu, hukukosea. Kwamba alikwenda kusimamia mkutano wa wazazi amevaa kofia ya mkeo, nalo nimelicheka. Halafu nikafika pale mkeo alipoandika kwamba ulikuwa na macho wazi na humjui, na yeye anakumiminia soda ya jirani mdomoni huku watoto wanaangalia mlangoni, na nikaweka barua chini nikalia. Nimelia kama mtoto, mimi, na wateja wamekaa.

Kumbe sukari ikishuka inaua hivyo? Kumbe ile soda tuliyokatazana miaka yote ndiyo iliyokurudisha?

Nisikilize. Nilimzika baba yako, kaka yangu wa pekee. Sina nguvu za kuzika mwanawe. Kuanzia leo hupimi kichwa cha mtu wala kidole cha mtu. Vijiti ni vyako, kila kimoja. Hujapima, huchomi dawa ya chakula. Umechoma, unakula, hata kama kwenye kiti amekaa mfalme. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio nilichokaribia kukisikia safari hii kilikuwa cha nyumbani kwangu.

Kopo la vijiti nitakuangalizia lilipo.

Shangazi yako, bado


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo, hata kama huitiki.

Yote ni kweli. Ukweli mwingine ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimewapima watu nusu mtaa, nikaitwa daktari, nikapenda. Siku hiyo nilipofungua kopo nikakuta tupu, sikutaka kumwambia mke wangu kwamba daktari hana dawa. Nimeacha. Nimebandika karatasi kwenye kioo: HAPA TUNANYOA. Mwalimu mkuu amerudi, akasema yule kinyozi mwingine anamsifu mno kichwa chake na hamwamini.

Sasa zamu yako, na mimi pia leo sina utani.

Umekanyaga cherehani tangu sijazaliwa. Nimekua nikilala kwa sauti ya miguu yako. Mwanamke huyo leo amefunga mota. Kiatu hakiingii, amevaa kandambili ya marehemu. Barua inakaa posta kwa sababu barabara imeharibika, wakati posta iko mkabala na mlango wako, naweza kuiona nikifumba macho. Na sukari yako ni tano na nusu Februari, tano na nusu Aprili. Mimi ninayechoma na kupima na kuhesabu kila tonge napata nne asubuhi na kumi na tatu mchana. Hakuna mtu anayepata tano na nusu kila siku, Shangazi, labda aliyechorwa ukutani. Kopo unaliangalizia lilipo kwa sababu hujawahi kulifungua. Unaogopa kitakachoandikwa.

Nyani haoni kundule. Unanifundisha mficha maradhi, na wewe umeficha mguu mzima. Mguu wa mwenye sukari hauna habari, unaweza kuoza bila kupiga kelele, daktari wangu ananivua viatu kila ninapokwenda. Wewe nani anakuvua? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ulinichapa nalo utoto mzima. Na mkuu asiyesikia la mdogo, huvunjika nini?

Fungua kopo. Soma maelezo, ni rahisi, hata mimi niliweza. Niandikie namba ya kweli, iwe mbaya vipi. Nakupenda kuliko ninavyokutania, na ninakutania sana.

Njiti


25 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita na hakuna barua.

Nitukane basi. Tuma hata bahasha tupu. Nimempigia jirani yako mwenye pazia la marinda, akasema duka lako limefungwa na hataki kusema zaidi kwa sababu ulimwapisha. Mke wangu ananifungia begi. Jumatatu nafunga duka nakuja, na insulini yangu kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, na vijiti vyangu ambavyo sitampima navyo mtu ila mmoja. Ukinifukuza mlangoni nitakaa mlangoni.

Njiti


28 Julai

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba, na ya mwezi wa Juni nimekuongezea.

Naandikia kitandani hospitali, kwa hiyo ukifika nyumbani usigonge sana, mlango ni wa zamani. Jirani aliyeniambia unakuja Jumatatu atakupa ufunguo; barua hii naituma kwa basi ikuwahi. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Sababu utaiona mbele.

Nilichukia barua yako. Niliikunja, nikaitia kwenye droo ya vifungo, nikashona siku kadhaa. Halafu nikafungua kopo, ili nikuandikie tano na nusu ya kweli nikunyamazishe. Nikajitoboa, nikaweka tone. Mashine yako haina adabu. Haikunipa namba. Iliandika herufi mbili tu, na kwenye maelezo nikasoma kwamba maana yake sukari imepita pale inapojua kuhesabu. Nilikaa na hicho kitu mkononi, Njiti, na nikaogopa. Sijaogopa hivyo tangu siku niliyoitwa chumba cha maiti kumtambua mume wangu.

Ndiyo, walishaniambia nianze sindano, mwaka juzi. Nilisaini kwamba nimekataa. Mimi niliyeishi na sindano mdomoni. Vidonge vilikuwa vimenifaa zamani kweli, kisukari changu ndicho walichosema, hakijabadilika jina kama chako. Kilichoka tu na vidonge, na mimi sikutaka kusikia.

Hospitali wakanivua kandambili ya marehemu, wakauliza kiatu chenyewe kiko wapi. Nikawaambia kimesinyaa. Muuguzi akatumwa akilete, akaingiza mkono ndani, akatoa pini. Yenye kichwa cha bluu. Ilikuwa imesimama kwenye soli, na mimi nimeikanyagia cherehani sare za shule nzima bila kusikia chochote. Zile nyingine sijui ziko wapi, lakini sitaangalia tena pazia la mtu.

Insulini nimeanza. Najichoma mwenyewe. Muuguzi alitaka kunifundisha namna ya kuishika, akaona mkono wangu ulivyozoea, sasa ananiuliza kama ninaweza kumshonea sare. Sijafa wiki ya kwanza wala ya pili. Muuza mkaa, Mungu amrehemu, angeanza mapema angekuwa bado anatutukana. Vijiti vyako sikurudishii, navitumia. Leo asubuhi ilikuwa tisa. Ni namba mbaya, na ni yangu.

Sitaki ulie ukifika, wagonjwa wenzangu wananiheshimu. Gauni la mkeo liko kwenye kiti, lina kola. Lete wembe wako pia, huku kuna mzee kitanda cha pili ambaye kichwa chake ni jambo la dharura.

Na unipitie nyumbani uniletee kile kiatu cha kushoto, nimeshakitikisa. Wamekata kidole cha mwisho na cha jirani yake, mguu umebaki. Kiatu nilikijaribu kabla hawajakirudisha nyumbani. Kinaingia sasa.

Shangazi yako,
Fundi